Harambee ya karakana ya mashine za boti: mafundi wapo, spana hakuna

Assalaam alaikum, jamaa wa msikiti wetu na majirani wote wa Malindi, Waislamu na wasio Waislamu.

Mimi katibu wa kamati ya harambee hii ndiye niliyekuwa nikiwaibia viatu. Wazee wanakumbuka: ukitoka sala ya isha, kandambili zipo, viatu vya ngozi havipo. Jozi nzuri ilikuwa kete moja, kipakiti cha unga wa heroini. Sufuria ya pilau ya mamangu ilikuwa kete mbili. Nimebwia unga miaka tisa, na nayasema mapema ili anayeogopa kuchangia ajue anaongea na nani. (Fedha hazipiti kwangu; mweka hazina ni mwengine, na hesabu itabandikwa ubaoni.)

Watu hudhani kazi ni kuacha. Arosto, mwili unapodai unga, ni mateso, sikatai: mifupa inauma, kamasi na machozi, wajifunika blanketi mwezi wa tatu na joto hili letu! Lakini makali yake hayapiti wiki moja hivi. Kilichonirudisha mara nne ni siku ya kumi na tano. Umeoga, umekaa barazani kwa mamako, huna la kufanya, na wanaokuita kwa jina lako ni wale wa maskani ya unga tu.

Tangu 2015 hospitali yetu hapa Malindi inatoa methadoni. Ni dawa ya maji ya kuzuia arosto, wainywa kila siku mbele ya muuguzi. Wapo wasemao ni kubadilisha unga kwa unga. Waseme. Mimi nilianza kulala usiku. Shida yake ni moja: wengi wetu ni wavuvi, na mtu wa dozi ya kila siku haendi dago, kambi ya wavuvi ya mbali. Huwezi kulala Kipini na asubuhi uwe dirishani hospitalini.

Ndipo tukafikiria mashine za boti. Kijana mmoja wetu, aliyefukuzwa chomboni kwa sababu ya unga, alipewa mashine iliyolala mwaka mzima. Akaifungua juu ya gunia, akapanga vipande kimoja kimoja kama mtu aanikaye dagaa, akasugua plagi kwa mswaki wake mwenyewe. Alasiri ikanguruma. Mwenye boti akamlipa shilingi 1,500, kisha akamwachia ufunguo wa banda. Alfajiri kijana yuko mlangoni kwangu, hajalala. "Kaka, mtu kaniachia ufunguo."

Tunataka karakana yetu, karibu na hospitali. Kodi ya banda mwaka mzima ni shilingi 96,000; spana, jiliwa na meza 78,000; pipa la kujaribia mashine, mafuta na vipuri vya kuanzia 26,000. Jumla 200,000. Mkononi tuna 38,400. Fundi mzee wa bandarini atafundisha bure. Wataanza watu 8, wawili wanawake, ambao wao ulimi wa mtaa huwachoma kuliko sisi.

Mwenye mashine mbovu iliyotupwa uani naye atuletee, tutaichukua hata ikiwa imeota kutu.

Harambee ni Jumapili baada ya alasiri, uwanjani nyuma ya msikiti. Asiyeweza kufika, Ijumaa sanduku litakuwa mlangoni, pale mnapovulia viatu. Nitakuwa nimekaa hapo hapo, nikivilinda.