Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya wa komini yetu: watoto warudishiwe kiwanja cha kuchezea

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama wa watoto watano, nauza makala, yaani makaa ya kupikia, nyuma ya shule ya msingi ya mtaa wetu hapa Lubumbashi. Mara tatu nimefika ofisini kwako pamoja na kamati ya wazazi, na mara tatu tumeambiwa tungoje. Juzi Jumanne kungoja kulinishinda.

Siku hiyo saa nne asubuhi kengele ya mapumziko ililia, watoto wakamiminika barabarani, kwa kuwa hawana tena pengine pa kwenda. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa anaufuata mpira wao wa masashe ya plastiki, pikipiki ikamgonga. Mguu ulivunjika. Dereva simlaumu, hakuwa anakimbiza, na ni yeye mwenyewe aliyembeba mtoto. Hospitalini walimfunga plasta, kisha wakatuzuia mpaka tulipe deni lote. Nimeuza magunia yote niliyokuwa nayo, na mengine mawili niliyopewa kwa mkopo. Leo sina mtaji. Mtoto amelala, kila jioni ananiuliza kama atacheza tena.

Mheshimiwa, kiwanja ninachokisema unakijua. Ulisimama pale Septemba, siku ya kufungua masomo, sisi akina mama tukakupigia vigelegele. Ulisema kwa kinywa chako kwamba ardhi ya watoto haitaguswa na mtu. Mwezi wa tano mvua zilipokwisha lori likamwaga matofali, na kabla ya mwezi kuisha ukuta ulikuwa umesimama. Sasa kuna lupango nne, yaani vipande vinne vya ardhi vya kujengea nyumba, lango la chuma, na mlinzi anayewafukuza watoto kwa fimbo mahali walipokuwa wakikimbia. Nani aliuza, sijui, sijaonyeshwa karatasi yoyote. Mawazo yangu ni kwamba ardhi imepanda bei, na mahali pasipo hati huchukuliwa kama hapana mwenyewe. Wenyewe walikuwepo, Mheshimiwa. Walikuwa wamevaa shati nyeupe na bluu, na walikuwa pale kila siku.

Masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019 tulishukuru sana. Lakini darasa la mwanangu sasa lina watoto zaidi ya 80, wanne kwenye benchi moja. Saa ya mazoezi ya mwili imebaki kwenye ratiba tu: watoto wanasimama katikati ya mabenchi, wananyoosha mikono juu, wanakaa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchosha mwili kwa michezo na mbio, ili moyo na mifupa ipate nguvu. Wetu wanazipatia wapi? Nyumbani tuko watu saba katika vyumba viwili, na uani mna mbabula ya kupikia, mabeseni na makala yangu. Wasichana ndio wanaonitia uchungu zaidi. Nzango, mchezo wao wa kuruka na kuimba, haihitaji mpira wala viatu. Inahitaji wasichana wa kutosha, sauti zao, na mahali pa kuruka. Binti yangu mkubwa alikuwa akirudi nyumbani jasho linamtoka, anacheka, anakula bukari (ugali) lote. Siku hizi anarudi, anakaa mlangoni.

Kuna aliyetuambia ofisini kwamba watoto wanaweza kucheza kule chini, kando ya barabara ya malori ya madini. Kwenye vumbi lile? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Mtoto anashika udongo, anatia mkono mdomoni, na shuleni hakuna hata bomba la kunawia. Mama gani atampeleka mwanawe kule kwa hiari yake?

Na huu ndio mji wa TP Mazembe. Mwaka 2010, walipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, hapa mtaani hatukulala. Vijana waliifuata ile furaha mpaka kwenye kiwanja chetu, wakacheza pale hadi giza. Leo wadogo zao wanapiga mpira katikati ya pikipiki.

Nilitaka kukuomba mengi: bomba, uji wa asubuhi kwa wanaokuja na njaa, mwalimu wa michezo. Nayaacha yote. Naomba kiwanja. Kama lupango tatu za mwanzo zimeshindikana kubomolewa, ya nne, ile yenye mwembe, bado haijajengwa. Ina ukuta tu. Zuieni hiyo. Andikeni hati kwa jina la shule, muibandike mlangoni tuisome.

Na kabla hujaamua, Mheshimiwa, njoo siku moja saa nne asubuhi, bila msafara. Simama nami hapa kwenye makala, kengele ilie, uangalie watoto wanakokimbilia.

Kwa heshima,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu