Ghorofa la Superman lipo, msituambie halipo

Ndugu Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti naanzia nyuma kwenye katuni na michezo ndo nageukia mbele kwenye siasa, kwa hiyo makala yenu ya Jumapili kuhusu masupahiro niliimaliza yote. Nimeipenda, ila pale mlipoandika kwamba Daily Planet, gazeti la Superman, na lile ghorofa lake ni vitu vya kubuni tu basi, hapo mmeteleza.

Lile gazeti lina asili yake bwana. Superman katoka 1938, na kwenye zile hadithi za mwanzo mwanzo Clark Kent, yani Superman mwenyewe akiwa mwandishi wa kawaida, wala hayuko Daily Planet, yuko Daily Star. Star imetoka wapi? Mchoraji wake Joe Shuster kazaliwa Toronto kule Kanada, na udogoni alikuwa anauza mtaani gazeti la Toronto Daily Star, yani kama hawa madogo wetu wanaokimbizana na magari kwenye foleni, baadae familia ikahamia Cleveland, Marekani, huko ndo akakutana na Jerry Siegel wakamtengeneza mtu anayeruka. Wangeweza kumpa udaktari au uaskari, wakamweka chumba cha habari, maana taarifa ya moto au ajali inafika pale kabla haijafika mtaani. Mimi naona hiyo ni akili ya mtoto aliyekua na gazeti mkononi.

Sasa jengo. Muvi ya 1978, ile ya Christopher Reeve, walipigia kwenye jengo la gazeti la kweli kabisa, Daily News, New York, mtaa wa 42, limejengwa 1930. Ukiingia tu ukumbini unakutana na tufe kubwa la dunia linazunguka. Lile tufe la juu ya paa la Daily Planet kwenye komiki ndo la wachoraji, la ndani lipo. Na kwenye zile tamthilia za TV za miaka ya 50 Daily Planet walituonyesha jengo la halmashauri ya jiji la Los Angeles, watu wakakubali tu. Hata lile jumba la mashujaa wote wa kwenye katuni za TV limechorwa kwa kuangalia stesheni ya treni ya Cincinnati, ya 1933.

Spider-Man nae, muvi ya 2002, ofisi za Daily Bugle, gazeti la kwenye hadithi yake, ni jengo la Flatiron, jina lenyewe maana yake pasi, na kweli ukilitazama ni kama pasi ya mkaa imesimamishwa katikati ya New York. Hapa naomba niseme kidogo, maana nami niliwahi kuandikia magazeti kwa kulipwa kwa stori: yule Peter Parker, yani Spider-Man akivua kinyago na kuuzia gazeti picha, namuelewa sana. Bosi wake Jameson kila siku anamtukana Spider-Man ukurasa wa mbele, halafu picha za huyohuyo anazigombania, na akilipa analipa kwa kinyongo. Ila dogo nae ana makosa, anajipiga picha mwenyewe halafu anauza kama habari! Clark Kent ndo kabisa, anaandika stori zake mwenyewe na jina lake juu. Kwenye gazeti lenu si angeshafukuzwa?

Mwisho mliandika magazeti ya kwenye komiki hayana shida za magazeti yetu. Hapana mhariri. 2012 Clark Kent aliacha kazi Daily Planet kwa hasira akaenda kuandika intaneti, na Daily News yenyewe ilihama lile jengo 1995. Tufe wakaliacha palepale ukumbini.

Basi naomba masahihisho, na mkiweka picha ya hilo tufe muiweke kubwa, sio kistempu kama mlivyomfanya Superman wa watu Jumapili.

Msomaji wenu wa kuanzia nyuma,
Dar es Salaam