Mahabusu wa India wanakwama kwenye dhamana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala wa mlundikano wa kesi nchini India, ambao wengi huueleza kama tatizo la uchache wa majaji na kuishia hapo. Uchache huo upo kweli. Tume ya Sheria ya nchi hiyo ilipendekeza tangu 1987 wawepo majaji 50 kwa kila watu milioni moja, na hadi leo hawajafika hata nusu yake, wakati kesi zinazosubiri katika mahakama za ngazi zote zimepita milioni 50. Hata hivyo, kesi kuchelewa ni jambo moja, na mshtakiwa kuingoja akiwa gerezani badala ya nyumbani kwake ni jambo jingine kabisa, ambalo haliponi kwa kuajiri majaji peke yake.

Kwa hesabu za serikali ya India yenyewe, mwishoni mwa 2022 magereza yalikuwa na watu 573,220, na kati yao 434,302 walikuwa mahabusu. Kwa maneno mengine, watatu katika kila wanne waliolala gerezani walikuwa hawajahukumiwa kwa kosa walilowekewa humo.

Kilio hiki si kipya, na kwa heshima ya taaluma yako nikumbushe kwamba kiliibuliwa na gazeti. Taarifa zilizochapishwa na Indian Express kuhusu mahabusu wa jimbo la Bihar zilimfanya wakili Pushpa Kapila Hingorani afungue shauri katika Mahakama ya Juu, ambalo sasa linajulikana kwa jina la Hussainara Khatoon. Ilibainika kwamba baadhi ya watu hao walikuwa wamekaa rumande kwa muda unaozidi kifungo kirefu kabisa ambacho wangepewa kama wangepatikana na hatia. Mwaka 1979 Jaji P. N. Bhagwati na wenzake waliamua kuwa haki ya kesi kusikilizwa bila kucheleweshwa ni sehemu ya ibara ya 21 ya Katiba, inayolinda uhai na uhuru wa mtu, na maelfu wakafunguliwa milango. Lakini Bihar ni Bihar: mwaka 1983 mahakama hiyo hiyo ilimpa fidia Rudul Sah, aliyeachiwa huru na mahakama mwaka 1968 na kuendelea kushikiliwa gerezani hadi 1982. Miaka 14 baada ya kushinda kesi!

Kinachowabakiza wengi ndani ni mdhamini, na shauri la Moti Ram la mwaka 1978 linaonyesha jambo hilo vizuri kuliko takwimu. Mwashi huyo maskini alikuwa amekwisha kupewa dhamana na Mahakama ya Juu akingoja rufaa yake, ila masharti aliachiwa hakimu wa chini ayapange. Hakimu akataka rupia 10,000, kisha akamkataa mdhamini aliyeletwa, ndugu wa mwashi huyo, kwa sababu yeye na mali yake walikuwa wilaya nyingine. Ilibidi Jaji Krishna Iyer aingilie kati na kuamuru mtu huyo ajidhamini mwenyewe kwa rupia 1,000. Fikiria sasa kibarua aliyetoka Bihar kwenda kubeba zege Delhi au Mumbai. Atampata wapi mjini humo mtu mwenye hati ya shamba, anayemfahamu vya kutosha kuiweka rehani mbele ya hakimu kwa ajili yake?

Kwenye vitabu, sheria za India zinatamanisha. Upelelezi usipokamilika ndani ya siku 60, au 90 kwa makosa mazito, mahabusu anastahili dhamana kama haki yake. Wale wanaoshtakiwa kwa sheria ya kupambana na ugaidi wanaweza kungojeshwa hadi siku 180. Tangu 2006 aliyemaliza nusu ya kifungo kirefu cha kosa lake alipaswa kuachiwa kwa kujidhamini au kwa wadhamini, na sheria mpya ya mwenendo wa jinai iliyoanza tarehe 1 Julai 2024 imepunguza muda huo kuwa theluthi moja kwa mwenye kosa la kwanza. Lakini sheria hiyo hiyo inamnyima nafuu hii mtu mwenye kesi zaidi ya moja, na inawaacha nje wote wanaoshtakiwa kwa makosa ya kifo au kifungo cha maisha. Mimi naona sharti la kesi zaidi ya moja halikufikiriwa sawasawa, kwa kuwa tukio moja huweza kuzaa mashtaka mawili au matatu bila mshtakiwa kuwa jambazi sugu.

Hatua yenye maana zaidi ni ya Januari 2023, ambayo haikutangazwa sana. Mahakama ya Juu iliagiza kwamba mahabusu aliyepewa dhamana akibaki gerezani siku saba, mkuu wa gereza aijulishe ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya, na mwezi ukipita bila masharti kutimizwa, mahakama iyatazame upya. Serikali kuu nayo ilianzisha mpango wa kuwalipia maskini, hadi rupia 40,000 kwa mahabusu, ingawa Wizara yake ya Mambo ya Ndani imekuwa ikiyakumbusha majimbo yatumie fedha hizo. Fedha ipo, gereza limejaa, na karatasi haijasainiwa.

Haya si mambo ya mbali na sisi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika katika mahakama za Tanganyika hadi Bunge lilipotunga yetu mwaka 1967, na mambo ya mdhamini mwenye mali na upelelezi ambao haujakamilika hayahitaji mkalimani hapa kwetu. Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mtakapoandika tena kuhusu mageuzi ya sheria za India, msiishie kwenye vifungu vipya. Waulizeni wahusika ni mahabusu wangapi wenye amri ya dhamana mkononi ambao bado wamo ndani, na ni kiasi gani cha fedha walichodaiwa.

Karani mstaafu wa mahakama,
Tanga