Barua kwa Mama Upendo: nenda kaombe ufadhili huo

Uyole, Mbeya

Mama Upendo, rafiki yangu,

Kamwene! Barua yako nimeipata, pamoja na vitunguu vya Ilula. Asante sana. Huku tuko salama, ila baridi imeshika kwelikweli, na asubuhi wanafunzi wangu wanaandika wakiwa wamefunika mikono kwa masweta. Baba watoto bado yuko Tunduma kikazi.

Kurasa tatu umenieleza habari za ufadhili wa kusoma lishe ya jamii Uingereza, halafu mwisho ukasema umeamua kutoomba. Unasema una miaka arobaini na moja, ufadhili ni wa watoto wa wakubwa wa Dar es Salaam, na wanaokwenda hawarudi, hivyo kijiji hakipati kitu. Naomba nikubishie, maana jambo hili linaniuma.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa. Mkoani kwako Iringa ni 57, na kwa majirani zenu Njombe ni 50. Na huu ndio ukanda unaolisha nchi kwa mahindi, viazi na maharage! Wewe hukuhitaji takwimu kulijua hilo, kwa sababu ndiye unayewapima watoto hao kliniki. Ni wewe uliyenieleza jinsi mama anavyotoka alfajiri kwenda kulima, mtoto akabaki na bibi na uji mweupe hadi jioni. Mayai yanauzwa, maziwa yanauzwa, parachichi linapakiwa kwenye lori, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika wapo watoto wanaoonjeshwa nao. Sijamsikia mtaalamu yeyote akilieleza jambo hili kama wewe.

Sasa nikukumbushe habari ya Wangari Maathai, yule Mkenya aliyejulikana kwa kupanda miti. Mwaka 1960, akiwa na miaka ishirini, alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani kwa mpango ulioongozwa na mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Alisoma biolojia Kansas hadi 1964, akaongeza shahada ya uzamili Pittsburgh, akarudi Nairobi, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa, wa kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati. Watu wengi huishia hapo wakisema, tazama elimu ilivyomfikisha. Mimi huanzia hapo. Wazo la miti hakulitoa Kansas. Alilipata alipokaa na wanawake wa vijijini kupitia Baraza la Taifa la Wanawake la Kenya, wakamwambia kuni zimekwisha, maji safi hayapo, na chakula cha nyumbani kimepungua kwa sababu mashamba yamegeuzwa kuwa ya mazao ya biashara. Soma tena hilo la mwisho. Si ndilo unaloliona huko kwenu Kilolo? Elimu ilimpa uwezo wa kuyaunganisha yale waliyomweleza, na sauti ya kusimama mbele ya wakubwa bila kutetemeka. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti pamoja nao, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwalimu Nyerere naye, alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, tayari alikuwa amefundisha Tabora na alikuwamo katika chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Alirudi 1952, mwaka uliofuata akachaguliwa kukiongoza chama hicho, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Alikwenda akiwa na shughuli yake, akarudi akaiendeleza.

Ndiyo maana nasema umri wako ni mtaji. Kijana wa miaka ishirini na mbili atakwenda kutafuta la kufanya, wewe unalo. Na wafadhili wengine wameliona hilo. Kati ya mwaka 2001 na 2013 shirika la Marekani la Ford Foundation lilisomesha watu zaidi ya 4,300 kutoka nchi 22, Tanzania ikiwemo, bila kuweka ukomo wa umri. Waliwatafuta kwa makusudi watu wa vijijini, wanawake, wenye ulemavu, watu ambao tayari walikuwa wanaitumikia jamii yao. Mpango ule umekwisha, lakini ipo mingine. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, inalipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, haina ukomo wa umri, inataka uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na unaahidi kurudi nchini kwako kwa muda usiopungua miaka miwili. Shahada yako ya uuguzi unayo. Uzoefu unao wa kumwaga.

Kuhusu wasiorudi, sikatai, wapo, na kila mmoja wao ni pengo katika wodi au darasa fulani. Siwezi kumlaumu mtu ambaye sijavaa viatu vyake. Ila kinachonisikitisha zaidi ni wanaorudi wakakosa pa kuiweka elimu yao. Namfahamu mmoja aliyerudi na shahada ya uzamili akapangiwa kusimamia stoo. Alikaa, akachoka, akaondoka tena. Lile nalo ni hasara, na hakuna anayelihesabu.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, andaa mahali pa kurudia. Omba ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa maandishi, na katika barua hiyo eleza kabisa unachotaka kuja kufanya na katika kata zipi. Waambie akina mama wa kikundi chako mapema. Usiwafiche ukidhani watasema unajivuna. Waulize wanataka uwaletee jibu la swali gani, uliandike, uende nalo. Wakijua umekwenda kwa ajili yao, watakudai ukirudi, na deni hilo litakushika kuliko mkataba wowote wa mfadhili.

Na insha usiandike kwa maneno makubwa ya semina. Usiseme unataka kuleta maendeleo endelevu. Andika habari ya yule mtoto uliyempima mara tatu, urefu wake ukawa uleule, na ulivyokwenda hadi kwao ukakuta debe zima la maharage limetengwa kwa ajili ya mnada. Waonyeshe ulivyomshawishi baba yake abakize kibaba cha nyumbani. Hicho ndicho kitu ambacho mtoto wa mkubwa hawezi kukiandika.

Wifi zako wacha waseme. Upendo yuko kidato cha tatu, ni binti mkubwa sasa. Ukipata nafasi, aje akae kwangu likizo, na mdogo wake abaki na bibi kama mlivyozoea. Hilo tumelizungumza na baba watoto kwa simu, naye amekubali.

Nakutumia maharage ya Njano Uyole kwa basi la Ijumaa, yapokee stendi. Ndani ya mfuko nimeweka daftari. Andika humo insha ya kwanza kwa Kiswahili kama unavyonisimulia mimi, kisha nitumie. Nitaisoma na mwenzangu anayefundisha Kiingereza, tuitafsiri pamoja nawe mstari kwa mstari.

Nisalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako,
Atupele