Mwanangu ana vidole sita, na baba mkwe hataki kiguswe hata kimoja

Shangazi, shikamoo. Na wasomaji wenzangu, habari za huko mliko.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kitangiri hapa Mwanza, na kazi yangu ni kuuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Barua za wenzangu nimezisoma miaka mingi, nyingine nikicheka, nikidhani anayeandika shida zake hadharani hana ndugu wa kumwuliza. Sasa ndugu nimewauliza wote, na kila mmoja kanipa jibu lake.

Mtoto wangu wa pili, wa kiume, ana miezi 10. Alizaliwa na vidole 23: mikono yote miwili sita sita, mguu wa kulia sita, wa kushoto ndio pekee ulioshika hesabu ya watu wote. Mkunga alimgeuza, akahesabu mara mbili, akacheka kidogo na kusema, "Huyu kaja na nyongeza." Akaniambia nisiogope, kwamba kwa sisi watu weusi kidole cha ziada upande wa kidole kidogo ni jambo analoliona mara kwa mara, siyo ugonjwa wala mkosi. Aliyenitisha ni jirani yangu mlokole. Alikuja na Biblia yake, akanifungulia Samweli wa Pili sura ya 21, pale penye lile jitu la Gathi lenye vidole 24. Nikamwambia wangu hajafikisha, kapungukiwa na kimoja. Tangu siku hiyo hajapita kunisalimia, lakini siyo hilo ninaloandikia.

Vidole vyenyewe havikuwa vya namna moja. Cha mkono wa kulia kilikuwa kijinyama tu, kama harage, kinaning'inia kwenye ngozi nyembamba, kucha yake kama punje ya ulezi. Cha kushoto ni kidole kamili: kina kucha, kina mfupa, kina kiungo, na mtoto akikunja ngumi nacho kinajikunja pamoja na wenzake. Cha mguuni kina mfupa pia, ila kimetazama nje, kama konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala.

Mama mkwe alivuka kutoka Nansio kuja kunitunza uzazi. Siku ya tatu nilipitiwa na usingizi, nikaamka nikakuta kale kajinyama ka kulia kamefungwa uzi. Siyo uzi wa kushonea nguo, Shangazi. Uzi wa nyavu, ile nailoni. Akaniambia tulia, ndivyo inavyofanywa, kitakauka na kudondoka chenyewe. Kweli kilibadilika rangi, kikawa cheusi, na siku ya tisa nikakikuta kwenye nepi. Mama akakizika nyuma ya nyumba. Nami nikashukuru kwamba kimekwenda bila gharama.

Gharama imekuja baadaye. Pale kilipodondoka pamebaki kinundu kigumu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na ukikigusa mtoto anapiga yowe. Kumvalisha shati la mikono mirefu ni vita. Nesi wa kliniki alipokiona alinigombeza mbele ya kina mama wote. Alisema ndani ya kale kajinyama mna neva na kamshipa ka damu. Uzi unanyonga vyote pale juu juu kwenye ngozi, na ncha ya neva iliyobaki inaweza kuota kinundu kinachouma namna hii. Akasema pia kwamba uzi mchafu kwenye ngozi ya mtoto wa siku tatu ni kumwitia pepopunda, na huenda kilichomwokoa ni zile sindano nilizochomwa nikiwa mjamzito. Kuhusu cha kushoto, ambacho Mama alikuwa ameshakipimia uzi, hakusema mengi: "Hicho kina mfupa. Mkikifunga mtauozesha mkono."

Jioni ile nikamweleza mume wangu. Hakujibu. Alinyoosha mikono yake chini ya taa. Shangazi, nimeishi na mwanaume huyu miaka sita, na kila mkono, pale ubavuni, ana kinundu ambacho siku zote nilidhani ni chunjua. Kumbe naye alizaliwa na vidole sita. Mama yake alivifunga, Baba akiwa ziwani.

Hapo ndipo shida yangu yenyewe ilipo. Baba mkwe ana vidole sita mikono yote miwili, vizima kabisa, na hajawahi kuvikata. Hilo nililijua tangu naolewa, nikadhani ni lake peke yake. Alikuwa mvuvi, siku hizi anashona nyavu, na akikaa chini ya mwembe na wavu wake watoto wanamzunguka kumwangalia mikono. Baba yake naye alikuwa navyo. Mume wangu alipozaliwa, mzee alikuwa kambi ya uvuvi. Aliporudi akakuta kazi imeshafanyika. Wanasema alikaa mwezi mzima hasemi na mke wake. Safari hii habari imemfikia mapema. Alipiga simu, na yeye ambaye huwa anaanza kwa kuuliza bei ya dagaa, siku hiyo hakuuliza chochote. Akasema, "Mkamwana, kimoja mmeshakiondoa bila mimi. Vilivyobaki mniachie. Kama vidole vyangu ni ugonjwa, niambieni, nami nije nikatwe."

Nimjibu nini mzee aliyesomesha watoto saba kwa mikono hiyo?

Ningenyamaza, ila mtoto ameanza kusimama kwa kushika viti. Nimemnunulia jozi mbili za viatu za namba tofauti, nimvalishe kikubwa kulia na kidogo kushoto, na bado kile kidole cha nje kinasuguliwa mpaka kinatoka lengelenge. Basi nikaamua kutafuta daktari kimya kimya.

Nilikoanzia nilikosea. Nilikwenda zahanati moja ya binafsi, jina nakaa nalo. Yule bwana (sisemi daktari, koti jeupe anavaa kila mtu) alikipapasa kidole cha mkono akasema nilete 150,000, anakata leo leo kwa ganzi, saa nne tuko nyumbani. Hakutaka picha ya eksirei. Hakumvua mtoto soksi, wala hakumsikiliza kifua. Nilikuwa na 80,000 kwenye kanga. Nasema ukweli, ningekuwa nazo zote ningempa. Siku ile umaskini wangu ulimlinda mwanangu.

Mara ya pili nilipanga foleni hospitali ya serikali tangu alfajiri, nikaonwa na daktari mmoja binti mdogo, ambaye mwanzoni nilimdharau kwa umri wake. Huyo alimvua mtoto nguo zote. Alimsikiliza moyo, akamtazama macho, akauliza ananyonyaje, anakojoaje, ameanza kukaa lini. Akanieleza kwamba mara chache vidole hivi huja pamoja na hitilafu nyingine, za moyo au figo kwa mfano, ndiyo maana anayetibu kidole bila kumtazama mtoto mzima hajafanya kazi. Wangu aliona yuko sawa, na aliposikia habari za babu na baba akatulia zaidi: ni vya ukoo. Mwenye asili hiyo, kila mtoto anayemzaa huwa na nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Dada mtu ana vidole vyake kumi mikononi na kumi miguuni.

Kisha akanichorea mkono nyuma ya karatasi. Kidole chenye kiungo, alisema, hakikatwi kama kucha. Upo msuli unaokivuta kidole kidogo kwenda nje, na kwa mtoto kama huyu huwa umejishika kwenye kile cha ziada; mpasuaji inabidi auhamishie kwenye kile kinachobaki na kukaza kiungo chake, la sivyo kidole kidogo kitakuja kulala upande. Nikamkumbuka yule bwana wa 150,000, nikahisi baridi. Akasema pia tusikimbilie: mifupa ya mtoto mdogo sehemu kubwa bado ni gegedu, kwenye picha haionekani sawasawa, na nusu kaputi ni salama zaidi mtoto akikua kidogo. Wapasuaji wengi hupendelea akaribie mwaka, na mguu usichelewe sana kwa sababu ya kutembea na viatu.

La mwisho ndilo lililonivuruga. Alisema kidole cha mkono, kama kinafanya kazi na hakimzuii kushika vitu, siyo lazima kitolewe. Shangazi, mimi nilikwenda pale nikitaka kuamriwa. Nirudi nyumbani niseme, "Baba, daktari kaamuru." Badala yake nikarudishiwa uamuzi mkononi, pamoja na barua ya rufaa ya kwenda Bugando, hospitali yetu ya kanda.

Barua hiyo ina wiki sita kabatini, chini ya vitenge. Mume wangu anasema nifanye ninavyoona, utadhani mtoto nilimwokota ufukweni. Mama mkwe naye amekuwa mpole ghafla. Tangu asikie habari za neva kila akimpakata mjukuu anakishika kile kinundu kwa ncha ya kidole, halafu anatazama pembeni. Simlaumu sana. Alifanya alichofanyiwa na waliomtangulia, na mwanawe alipona.

Kama mnataka kujua moyo wangu uko wapi: cha mguu kitoke. Kinundu kitibiwe. Lakini cha mkono wa kushoto, nikimnyonyesha ananishika kifuani nacho, vyote sita, na sikichukii. Dada zangu wananiambia ninamtafutia mtoto taabu, kwamba watoto wa shule wana midomo, na kwamba kukikata sasa hatakumbuka, akikua itakuwa maumivu mara mbili. Wana hoja. Babu naye ana hoja.

Sasa naomba waliopita njia hii waniambie. Nikifika Bugando na barua yangu, nielekee kwa madaktari wa mifupa au wa upasuaji wa watoto, na nitajuaje kwamba aliye mbele yangu ameshafanya vidole vyenye kiungo, bila kumkosea adabu kwa kumuuliza? Yupo ambaye mtoto wake alifanyiwa mguu na kinundu kwa nusu kaputi moja, mkono wa pili ukaachwa? Wanasema chini ya miaka mitano matibabu ni bure, lakini aliyewahi kuuguza anajua bure ile ina vifaa vya kununua dirishani. Sisi tuna kadi ya CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, je, inafika hospitali ya kanda, au nianze kudunduliza?

Na wewe Shangazi nakuuliza la mzee. Nimefikiria nimchukue twende naye kwa daktari, asikie kwa masikio yake kwamba hakuna aliyeviita vidole vyake ugonjwa, na kwamba kinachomuumiza mtoto ni kiatu. Labda akisikia cha mkono kinaweza kubaki, cha mguu atakiachia. Ila naogopa. Wanafunzi wa udaktari wakimwona watataka kumhesabu vidole, na mzee wangu si wa kuwekwa mezani kama sangara wa mnadani. Au nimwache nyumbani, nifanye kama mama mkwe alivyofanya, halafu nivumilie mwezi wa kununiwa?

Giza hili linaisha wiki ijayo. Mbalamwezi ikiingia wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, nami sina cha kuuza, kwa hiyo ndizo siku zangu za hospitali. Na Baba ametuma ujumbe kwamba siku hizo hizo anavuka kuja kumwona mjukuu. Kutoka Nansio ni saa tatu na ushee majini. Nikimpokea pale bandarini, nimwambie tunakwenda nyumbani, au nimwambie tupande Bugando?

Mama wa Vidole 22,
Kitangiri, Mwanza