Barua kutoka Doha: Saidi, kajiandikishe

Doha, Februari 2026

Mdogo wangu Saidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kazi ya ulinzi ni ile ile. Mama amenipigia, anasema umeapa hujiandikishi: wagombea wote ni wale wale, na kura huibwa tu.

2022 Qatar ilikuwa miongoni mwa nchi 12 ambako Wakenya wa nje waliruhusiwa kupiga kura. Nilitoka zamu ya usiku, sikulala, nikaenda foleni. Joto la Agosti la huku wewe wasimuliwa tu. Mashine ikakataa kidole changu kwa jasho, nikakipangusa kwa shati, ikakubali. Nikapewa karatasi moja. Moja tu! Sisi wa nje twamchagua rais, basi. Nyinyi wa nyumbani mna sita, ya gavana ikiwemo.

Huko nyumbani Kisauni, Mombasa, pesa zangu zaliwa na nini? Mitungi ya maji ya mkokoteni. Na maji ni kazi ya kaunti, Saidi, si ya rais. Gavana wa Mombasa alichaguliwa tarehe 29 Agosti, baada ya picha za wagombea kukosewa kwenye karatasi na siku kusogezwa (hilo lilichosha watu, sikatai). Mshindi alipita kwa kura kama 119,000. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 640,000! Wengi hata kituoni hawakukanyaga, na hao hao ndio utawasikia barazani, kahawa mkononi, wakiitukana kaunti mpaka adhana ya isha.

Juni 2024 ulikimbizana na vitoa machozi mjini, mkiandamana kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake. Mama alilia, mimi nilikuonea fahari. Lakini wale wabunge 195 walioupitisha hawakushuka na mvua, walipigiwa kura. Bunduki hukuziogopa, foleni ya asubuhi moja ndiyo ikushinde?

Wizi upo, sibishi. Ila 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu kulikuwa na fomu za matokeo za kukagua. Kura usiyoipiga, jaji gani atakurudishia?

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, hapo Kisauni, na kitambulisho kile kile unachotolea pesa ninazotuma. Za maji za mwezi huu nimezituma kwa simu ya Mama, wewe hupati kitu mpaka aniambie umeenda.

Kakako,
Bakari