Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: Kodi yetu isilipie kudhalilishwa kwa wanawake

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Ningeweza kukuandikia kimyakimya kama raia wengine, lakini jambo hili lilifanyika hewani, jiji zima likisikiliza, na sioni kwa nini malalamiko yake yafungiwe ndani ya bahasha.

Mimi ni mchuuzi wa mboga hapa Kayole na mwenyekiti wa kamati ya wachuuzi wa soko letu. Ni mjane. Nimetangaza azma ya kuwania kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti, mwaka 2027. Majuzi kituo kimoja cha redio kilinialika katika kipindi cha asubuhi nizungumzie hali ya masoko. Usiku ule sikulala vizuri kwa kujiandaa. Nilibeba daftari nililoandika ushuru tunaotozwa kila siku, na picha za mtaro ulioziba tangu mvua za masika hadi maji machafu yanapita chini ya meza zetu.

Sikuulizwa hata swali moja kuhusu mtaro. Mtangazaji alianza kwa kutaka kujua kama nina mume. Nilipomwambia alifariki, akauliza basi sponsa wangu, yaani mwanamume anayenitunza kwa pesa, ni nani, na mwenzake akaangua kicheko. Kisha wasikilizaji wakaombwa wapige simu waseme kama wanaweza kumpa kura mwanamke asiye na mtu wa kumtuliza nyumbani. Wakapiga. Mmoja alitaka kujua nina kilo ngapi. Muda wote huo daftari lilikuwa mapajani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa mtaro. Kipindi kilipokwenda mapumziko, tangazo la kwanza kurushwa lilikuwa la idara moja ya serikali.

Klipu hiyo ilisambaa kabla sijafika nyumbani. Siku iliyofuata, tukiwa kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, kijana aliyekaa mbele yangu kwenye matatu aliicheza kwa sauti ya juu na abiria wakacheka. Nilijifunika leso nikashuka kabla ya steji yangu, nikatembea kwa miguu sehemu iliyobaki.

Mimi ni mtu mzima, nimezoea maneno ya sokoni. Kilichonivunja moyo ni binti yangu. Yuko Gredi ya 8 na alikuwa amejiandikisha kugombea urais wa baraza la wanafunzi shuleni kwao. Hotuba yake alikuwa ameiandika kwa kalamu mbili: ahadi kwa samawati, na alama nyekundu mahali pa kutua apumue. Jioni ile aliniambia amejiondoa. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Mama, sitaki watu waanze kunichunguza." Hakusema kazi imemshinda, Mheshimiwa. Hakusema hana kura. Alikuwa amesikia mamake akipimwa uzito redioni, akajua zamu yake ingefika.

Wala hakujifunza siku moja. Tangu akiwa mdogo anamwona mwanamke kwenye matangazo akinusa shati lililofuliwa, akikoroga mchuzi, akijipaka krimu ya kung'arisha uso ili apate kupendwa. Kwenye kurasa za udaku anakutana na vipusa na vidosho. Bajeti ikisomwa, meza ya wachambuzi huwa imejaa wanaume wenye tai. Wanawake wataitwa tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, waulizwe wanawezaje kulea watoto na kufanya kazi. Mtoto anayekuzwa na picha hizo atajitazama kwa macho ya wanaomtazama, na siku akitaka kusimama jukwaani atauliza kwanza anaonekanaje.

Jiji hili lina kumbukumbu fupi. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru, wabunge walimdhihaki kwa sababu alikuwa ameachana na mumewe. Talaka yake ilikuwa na uhusiano gani na miti? Jengo lenyewe lilikusudiwa kuwa makao ya gazeti la chama tawala. Halikujengwa, bustani ipo, na mwaka 2004 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Miaka yote hii imepita, na mjane wa Kayole anaulizwa swali lilelile.

Matokeo yake tunayaona. Mwaka 2022 wanawake 7 walichaguliwa kuwa magavana kati ya kaunti 47, na tulifurahi. Lakini hapa Nairobi penye vituo vingi vya redio na televisheni kuliko mahali pengine popote nchini, maeneobunge 17 yalimchagua mwanamke 1 tu. Hatujawahi kumchagua mwanamke kuwa gavana. Sisemi ni redio peke yake. Kuna pesa, kuna fujo za kampeni, kuna vyama vinavyogawa tiketi usiku. Ila nashuku wenye vituo wanahesabu simu zinazopigwa, na wamegundua kwamba mwanamke akivuliwa heshima hewani simu huongezeka, na matangazo hufuata simu.

Ahadi mlizotupa si chache. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya uongozi vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza hilo mpaka Jaji Mkuu David Maraga, Septemba 2020, akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Kanuni za utangazaji nazo zinataka vipindi vya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku viwe vya kusikilizwa na familia nzima. Kipindi nilichoulizwa sponsa wangu ni nani kilirushwa watoto wakiwa kwenye matatu kuelekea shuleni. Ni familia gani hiyo mliyoifikiria?

Utaniambia ibara ya 34 inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Naijua, na sitaki uiguse. Sikuombi ufunge kituo wala umfukuze mtangazaji. Wakosoaji wa serikali waendelee kuikosoa, tena kwa ukali.

Ombi langu ni kuhusu pesa. Kitengo kinachonunua nafasi za matangazo ya serikali kiko chini ya wizara yako, na pesa zake ni zetu, pamoja na ushuru ninaolipa mimi kabla sijauza fungu la kwanza la sukuma. Pesa hizo zisilipie kipindi ambacho mwanamke anaalikwa kama kiongozi halafu anahojiwa kama mwili. Chapisha orodha ya vipindi vinavyopata matangazo ya serikali na kiasi kinacholipwa kila kimoja, ili tuone wenyewe. Nakuomba ufanye hivyo kabla kampeni za 2027 hazijaanza, maana wanawake wengi wataalikwa kwenye studio hizo, na binti zao watakuwa wanasikiliza.

Mtaro bado umeziba, Mheshimiwa. Nikipewa dakika kumi hewani naweza kueleza utazibuliwaje na kwa gharama gani.

Wako mwaminifu,
Mchuuzi na mwaniaji wa kiti cha MCA,
Kayole, Nairobi